Anayetaka Kuwa Mnasihi

Mazungumzo ya leo nayaelekeza kwa watu wa aina moja hasa, ingawa wengine nao wanakaribishwa. Ni wale wanaosema: "Mimi watu hunieleza shida zao bila hata kuwauliza. Jirani akikorofishana na mumewe, mlango wa kwanza kubisha ni wangu. Kazini nikikaa kidogo tu, mtu anavuta kiti. Basi nataka nisomee, niwe mnasihi." Wanauliza waanzie wapi, wasome muda gani, cheti kinatoka wapi.

Hayo ya cheti nitayafikia. Lakini kuna jambo la kutangulia, na huniuma kuona linavyorukwa. Kazi hii, kwa namna ilivyoenea kwetu Afrika Mashariki, ilikulia kando ya vitanda vya watu ambao hospitali ilikuwa imeshindwa kuwaponya. Asiyejua hivyo ataingia chumbani akidhani amekuja kutoa majibu.

Turudi nyuma. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kule Kagera watu waliuita Juliana, ng'ambo ya mpaka Uganda wakauita Slim. Mwaka 1987, pale Kampala, mama mmoja aitwaye Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya Mulago, alimzika mumewe Christopher aliyeuawa na ugonjwa huo. Mwaka huohuo yeye na wenzake wachache wakaanzisha TASO, shirika la kuwategemeza wenye UKIMWI. Wengi wa wenzake hao walikuwa wameambukizwa, na walijua. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, Dar es Salaam ikapata WAMATA, Walio Katika Mapambano na AIDS Tanzania, chini ya Theresa Kaijage, mtu wa ustawi wa jamii.

Hebu tujiulize watu hawa walikuwa na nini mkononi. Dawa za kufubaza makali ya virusi zilianza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004. Kati ya WAMATA kuanzishwa na dawa hizo kufika kuna miaka 15. Kwa miaka hiyo yote mnasihi alikaa mbele ya mtu akiwa hana kidonge cha kumpa, hana hela ya kumsomeshea watoto, wala neno la kumwambia kwamba atapona. Hata hivyo wagonjwa walikuja, na wakarudi tena. Walikuja kufanya nini?

Walikuja kuulizwa maswali ambayo nyumbani hakuna aliyethubutu kuyauliza. Watoto utamwachia nani? Mtoto wako mkubwa ameshajua? Umeandika wosia, au shamba litagombaniwa na shemeji zako siku ya arobaini? Ungependa kuzikwa wapi? Unaogopa nini zaidi, kufa au kulala kitandani miezi mingi ukisubiri? Maswali mazito. Lakini mtu akiyajibu kwa kinywa chake, mbele ya mtu asiyeshtuka wala kugeuza uso, alitoka pale ana la kufanya kesho asubuhi. Alikwenda kuandika wosia. Alikwenda kumwita dada yake kutoka kijijini. Alimwambia mwanawe. Ugonjwa ulibaki palepale, ila mtu alikuwa amerudishiwa sehemu ya maisha yake iliyokuwa bado mikononi mwake.

Hilo ndilo nililotaka kulisema leo. Mnasihi anamrudishia mteja kile ambacho bado ni chake kuamua. Akijua kufanya hivyo palipokuwa hakuna dawa, atajua kufanya hivyo popote, kwenye talaka, kwenye kufukuzwa kazi, kwenye msiba, kwenye deni la kikoba.

Katika miaka ile ya kabla ya dawa ukaja pia upimaji wa hiari. Kampala walifungua kituo cha kupima bila kutaja jina mwaka 1990. Kwetu vituo vya Angaza vilivyosimamiwa na AMREF vilianza mwaka 2001, na wengi mnakumbuka mabango yake. Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe Mama Salma walipima hadharani Dar es Salaam kuzindua kampeni ya taifa, na foleni zikajaa nchi nzima. Watu huikumbuka kampeni ile kwa damu iliyotolewa. Mimi naikumbuka kwa mazungumzo. Kabla ya kuchomwa kidole ulikaa na mnasihi. Baada ya majibu ulikaa naye tena. Na katika mazungumzo ya kwanza lilikuwamo swali moja ambalo ningependa kila anayejifunza kazi hii alale nalo: "Ukipewa majibu kwamba unavyo virusi, mtu wa kwanza kumwambia atakuwa nani?"

Litazame swali lile. Halimtishi mtu wala halimpi mahubiri. Linampeleka nyumbani kwake kabla hajafika, linamtembeza sebuleni, linamwonyesha nani anaweza kumtegemea na nani hawezi. Wapo walioulizwa hivyo wakanyamaza muda mrefu, kisha wakasema, "Hakuna." Hapo mnasihi alijua kazi yake imeanzia wapi, na haikuwa kwenye kipimo.

Sasa nitoe mfano, na niseme wazi kwamba nimeutunga. Sitamleta redioni mteja wa mtu yeyote, hata kwa kumbadilisha jina na mtaa, kwa sababu mtu huweza kujitambua kwa jambo dogo tu, rangi ya mlango au idadi ya watoto. Tuseme basi yupo mama mwenye genge la mboga. Mumewe haleti matumizi, na akilewa humpiga. Amekuja kwa mnasihi, amekaa, amejifuta uso na ncha ya khanga, anasema: "Dada, mimi sina zaidi. Niambie tu. Niondoke au nibaki?"

Moyo wa msikilizaji umeshajibu. Na wangu pia. Ondoka! Rafiki angejibu hivyo, na pengine ni haki yake kama rafiki. Mnasihi anajizuia, na si kwa sababu hana maoni. Anajizuia kwa sababu mama yule anajua mambo ambayo chumba kile hakiyajui. Anajua nyumba ni ya mama mkwe. Anajua kaka zake walishakula mahari na hawataki kusikia habari ya kurudisha. Anajua mtoto wake yuko darasa la saba na mtihani ni mwezi ujao. Na kuna jambo ambalo wanaofanya kazi na wanawake wanaopigwa wanalijua vizuri: siku za kuondoka ndizo mara nyingi za hatari kuliko zote, kwa kuwa mpigaji anaona anapoteza. Ukimwambia ondoka leo, ukamtuma bila mpango, umemtuma kwenye hatari ambayo wewe hutakuwepo kuiona.

Kwa hiyo mnasihi anauliza. Usiku akianza, watoto wanakimbilia wapi? Nani mtaani atakufungulia mlango saa nane? Kitambulisho chako na kadi za kliniki za watoto ziko wapi? Ukiumia, unajua habari ya PF3, ile fomu ya polisi, na kwamba polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto? Na katikati ya maswali hayo anamwambia jambo moja bila kuzungukazunguka: kupigwa huku ni kosa la jinai, na si wewe uliyelisababisha. Hilo analisema kwa sauti kamili. Kutomwamulia mteja si sawa na kukaa katikati ya mpigaji na mpigwa. Ubaya unatajwa kuwa ubaya. Uamuzi wa kuondoka, wa siku gani, kwa mlango gani, akiwa na nani, unabaki wa mama mwenyewe, naye anaondoka akiwa na namba mbili za simu na mahali pa kulala iwapo usiku utaharibika.

Hapo wengine wataniambia, "Mbona sisi tunao washauri wetu tangu zamani?" Kweli tunao, nami nawaheshimu. Kungwi humfunda mwari mambo ambayo mama mzazi hawezi kuyatamka. Mshenga hubeba maneno kati ya nyumba mbili bila kuyamwaga njiani. Yapo mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanandoa wayapitie kwanza kabla ya kupeleka shauri la talaka mahakamani. Wapo mashehe na mapadri. Kila mmoja ana lake. Lakini tazama: kungwi ana desturi ya kulinda, baraza lina ndoa ya kuokoa, padri ana sakramenti, mjomba ana jina la ukoo. Mtu anayekwenda kwao anajua tangu mlangoni upande gani wataegemea. Mnasihi ni mtu pekee katika orodha hiyo ambaye hana cha kulinda isipokuwa aliyeketi mbele yake. Ndiyo maana nasema asijigeuze kungwi. Anayetaka kufunda aende akafunde, ni kazi njema, ila asiite unasihi.

Sasa nije kwenye jambo linalowatesa sana vijana wetu wanaomaliza mafunzo, na ambalo vitabu vya kigeni haviligusi. Ni umri. Binti wa miaka 25 yuko ofisini, anaingia mzee wa miaka 60. Binti anasimama, "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Salamu hiyo imeshampanga kila mmoja mahali pake. Baada ya shikamoo, huyo mwanangu atamuulizaje baba mambo ya chumbani? Atamuulizaje kama analia usiku?

Nimewaona vijana wakijaribu kuiruka salamu ili waonekane wataalamu. Wanaharibu. Mzee anafunga uso, na dakika zilizobaki zinaisha kwa kuzungumzia presha na mvua. Wanaofanikiwa ni wale wanaotoa shikamoo kamili, wanakaribisha, wanaulizia safari, kisha wanaomba ruhusa: "Baba, kazi yangu itanilazimu kuuliza mambo ambayo mtoto hamuulizi baba yake. Naomba unipe ruhusa, na pale utakapoona nimevuka, unisimamishe." Karibu kila mzee hutoa ruhusa hiyo. Wengine hucheka kidogo, kisha wanaanza kusema. Heshima ikiombwa ifungue mlango, hufungua.

Na kwa habari ya umri, kuna nchi ambayo iliupindua kabisa. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa na mtaa mzima wa Mbare jijini Harare wa kuuhudumia, na wataalamu hawakuwapo. Alichopewa ni bibi 14, wahudumu wa jamii, wengi elimu yao ya shule ilikuwa ndogo. Akawafundisha kukaa na mtu kwenye benchi la mbao, nje ya zahanati. Mwanzoni benchi lile lilitajwa kwa jina la afya ya akili, na watu hawakukaa. Bibi ndio waliomwambia aliite benchi la urafiki. Wakaja.

Sisi sote tunajua kwa nini bibi. Mjukuu na bibi wana utani, wana uhuru ambao mtoto na mzazi hawana. Lililofichwa kwa mama husemwa jikoni kwa bibi. Lakini msidhani Chibanda aliwachukua bibi kama walivyo. Bibi naye ana hamu ya kuamuru, tena kuliko wote! Walifundishwa hatua kwa hatua: kwanza kumfungua mtu mawazo ataje matatizo yake yote, kisha achague moja tu la kuanza nalo, bibi amwinue na kumpa nguvu atafute njia yake mwenyewe, kisha arudi aeleze ilikwendaje. Mwaka 2016 jarida la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watu 573 katika zahanati za Harare. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban 14 katika kila 100 kati ya waliokaa kwenye benchi, na 50 katika kila 100 kati ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika Malawi, na umefika Zanzibar.

Mimi nikiisoma habari ile napata faraja na onyo kwa pamoja. Faraja, kwa kuwa shahada si mlango pekee wa kazi hii. Onyo, kwa kuwa hata bibi mwenye busara ya miaka 70 alihitaji kufundishwa kunyamaza.

Sisi wenyewe tunao mfano wa karibu zaidi, nao hausifiwi inavyostahili. Kwenye kliniki zetu za tiba na matunzo, ambazo kila mtu huziita CTC, wapo WAVIU Washauri. Ni watu wanaoishi na virusi, wanaotumia dawa, na wanaowapokea wapya. Mtu aliyepewa majibu leo asubuhi anaketishwa na mtu aliyepewa yake miaka mingi iliyopita na bado yuko hai, ana watoto, ana biashara. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nao wamekilalia. Daktari anaweza kueleza kwa nini dawa zisirukwe. Mshauri huyu anaeleza jinsi ya kuzimeza ukiwa umelala ukweni na hakuna anayejua. Ujuzi huo haupo kwenye kitabu chochote nilichowahi kukisoma.

Tuje kwenye siri. Kila mtu anajua kwamba mnasihi hatoi siri. Kisichojulikana sana ni kwamba siri hiyo ina mipaka, na mipaka hiyo mteja anapaswa kuambiwa mwanzoni, kabla hajafungua kinywa. Mteja akikusudia kujiua, au kumuua mwingine, mnasihi hatakaa kimya. Mtoto akiwa anaumizwa, vivyo hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Ipo pia namba 116, ya bure, kwa ajili ya watoto. Mnasihi anayeahidi, "Chochote utakachosema kitabaki hapa," ameahidi asichoweza kukitimiza, na siku atakapolazimika kuvunja ahadi ile mteja hatamwamini mtu mwingine maisha yake yote. Bora kusema ukweli mapema: "Nitalinda yote, ila haya matatu."

Na kwa kuwa nimetaja kujiua, nikae hapo kidogo, maana ndipo wanafunzi wengi hukimbia. Wanaogopa kuuliza. Wanadhani wakilitaja neno hilo watalipanda kichwani mwa mteja. Wanaofanya utafiti wa jambo hili wamelirudia mara nyingi: kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Aliyekuwa nalo hupumua, kwa sababu hatimaye amepatikana mtu wa kulibeba naye. Muulize kwa Kiswahili kilichonyooka, "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Usiseme "mawazo mabaya", usizunguke. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, muulize kama amepanga, muulize nani aitwe, mpeleke hospitali. Usimkemee kwa dini wala kumkumbusha dhambi. Dini yake anaijua kuliko wewe, na pengine hofu hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo mpaka leo. Nilifurahi kusikia kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka katiba. Mtu aliyenusurika apelekwe kwa mtu wa kumsikiliza. Rumande atasikilizwa na nani?

Lipo pia suala la uchawi, ambalo wasomi wetu hupenda kulipuuza. Mteja anakuambia, "Mimi nimerogwa na wifi yangu." Ukimcheka, amekwenda. Ukikubali, umemchongea wifi. Kinachosaidia ni kumuuliza ilianza lini, na siku hiyo kulikuwa na nini nyumbani. Mara nyingi nyuma ya uchawi kuna mimba iliyoharibika, kuna urithi, kuna maneno yaliyosemwa harusini. Huko ndiko maumivu yalipo, na huko ndiko mnasihi anaweza kukaa naye bila kubishana juu ya majini.

Haya, sasa cheti. Wapo wanaosoma shahada ya saikolojia ya unasihi vyuoni, wapo wanaoingilia ustawi wa jamii, na Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama imekuwa ikifundisha tangu miaka ya 1970. Wapo wauguzi na walimu wanaochukua kozi fupi. Njia ni nyingi, na sitamdharau yeyote. Kenya wamekwenda mbele kwa kutunga Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia mwaka 2014, inayounda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Naiombea kila nchi ya kanda hii jambo kama hilo lenye meno, kwa sababu mtu anayeumizwa na mnasihi mbovu hana jeraha la kumwonyesha polisi.

Darasani utakutana na Carl Rogers, Mmarekani aliyeandika mwaka 1957 juu ya masharti yanayomwezesha mtu kubadilika mbele ya mwenzake: mnasihi awe mkweli nafsini mwake, ampokee mteja bila masharti, ayaone mambo kwa macho ya mteja na mteja atambue kwamba ameonwa. Utafikiri ni mepesi. Jaribu kumpokea bila masharti mwanaume aliyekuja kueleza kwamba anampiga mkewe na anataka kuacha. Yule mama wa genge ana mume, na siku moja mume huyo anaweza kuwa ndiye aliyekaa kwenye kiti.

Lakini ukinibana niseme ni kitu gani cha kutazama unapochagua mahali pa kusomea, nitakuambia uulize jambo moja: je, mna msimamizi? Namaanisha mnasihi mkubwa ambaye mwanafunzi, na hata mhitimu, anakwenda kukaa naye kila baada ya muda, anamweleza alichofanya chumbani, alipokwama, alipokasirika, alipotamani kulia. Bila kutaja majina. Chuo ambacho kinatoa vyeti bila usimamizi wa namna hiyo, msikilizaji wangu, kikimbie. Yule anayesema watu humletea shida zao tangu utotoni ana kipaji, sawa, na hicho kipaji ndicho kitakachommaliza kwanza. Amezoea kubeba. Hajawahi kufundishwa kutua.

Katika miaka ile ya kabla ya dawa, wanasihi wengi walivunjika. Walizika wateja wao wiki baada ya wiki, wakarudi chumbani kumpokea mwingine. Wapo walioacha kusikia. Mtu anaongea mbele yao, wanaitikia kwa kichwa, na hakuna kinachoingia. Wapo walioanza kunywa. Wapo waliokuwa wakali kwa watoto wao nyumbani bila kujua kwa nini. Hawakuwa watu dhaifu. Hawakupewa mahali pa kuyaweka. Waliodumu, karibu wote walikuwa na kikundi cha wenzao, au mzee mmoja wa kazi, waliyekutana naye na kusema, "Leo imenishinda."

Kwa hiyo nina maombi, na nayapeleka kwa wenye mamlaka ya bajeti, kuanzia halmashauri hadi mashirika yanayofadhili. Wanasihi wengi kwenye zahanati zetu, pamoja na hao WAVIU Washauri, wanafanya kazi hii kwa posho ya nauli, na posho yenyewe hukatika mradi ukiisha. Wengi wanazungumzia nyuma ya pazia, au kwenye korido, au kwenye stoo yenye maboksi ya glavu huku mfamasia akiingia na kutoka. Mficha uchi hazai, tunawaambia wateja, halafu tunawataka waufunue uchi wao koridoni. Zahanati inayojengwa leo iwe na chumba cha unasihi kwenye ramani kabla msingi haujachimbwa, chenye mlango unaofungwa na viti viwili vya kimo kimoja. Mnasihi asiwekewe idadi ya wateja kwa siku kama mtu wa maabara. Na nauli ya msimamizi wa kufika kwake, walau mara moja kwa mwezi, iandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, mstari wake peke yake, ili anayetaka kuikata alazimike kuisoma kwanza.